Mtazama Midomo wa Tiberia

Ulikuwa msimu wa nyigu, na msimu wa nyigu Tiberia hakuna anayetulia. Watu walitembea wakipunga mikono hewani kama wanaogombana na majini, na Husna hakuwa na nafuu kuliko wenzake. Asubuhi hiyo alikwenda sokoni kununua samaki, akarudi bila samaki. Alirudi na neno.

Neno alipewa na Sitti, mjane aliyesuka mikeka ya matete karibu na mlango wa hamamu, yaani bafu la mji, mwanamke mwenye mkono mwepesi na ulimi mwepesi zaidi.

"Mama Yefeti, njoo shoga yangu, keti," Sitti alimwita. "Nikwambie, nisikwambie?"

"Ukishauliza hivyo umeshasema nusu."

"Basi chukua na nusu iliyobaki. Mumeo anatutazama."

"Ana macho. Ulitaka atazame mawe?"

"Anatutazama midomo, mama. Si uso, si mkono, si mkeka. Midomo. Akitoka sala anakuja kukaa pale kwenye ngazi, na mimi nikianza kuongea ananitolea macho mpaka nasahau nilichokuwa nasema. Na mimi kusahau la kusema, wanijua, ni maradhi. Nimemwambia, 'Baba Yefeti, haifai.' Nimemwambia mara tatu. Kimya. Sikio la kufa halisikii dawa."

Wasukaji wengine walicheka huku wamejiziba midomo kwa ncha za shungi. Husna aliiona mikono ile midomoni, akajua kwamba mchezo huo si wa leo, walikuwa wameshauzoea. Aliaga, akaondoka na kikapu kitupu, na njia nzima masikio yalimwaka moto.

Mumewe hakuwa mtu wa kuchekwa na wasuka mikeka. Sahlan alikuwa mtia irabu. Mwandishi huandika herufi za Kiebrania peke yake, kavukavu, kisha kitabu hupelekwa kwa mtia irabu naye hupitia kila herufi na kalamu nyembamba, akiweka vidoti na vistari vya kumwambia msomaji mdomo wake ufanye nini. Bila vidoti hivyo herufi ni mifupa. Kuna herufi tatu ambazo ukiziwekea irabu hii zinasomeka davar, yaani neno, na ukiziwekea ile zinasomeka dever, yaani tauni. Herufi ni zilezile, wino ni uleule. Ndiyo maana mtia irabu mzembe ni balaa kuliko tabibu mzembe, maana tabibu anaua mmoja.

Kitabu alichokuwa nacho sasa kilikuwa Maandiko yote mazima, kimeagizwa na watu wa mji wa Tiro, na kilikuwa juu ya meza yake mwaka wa tisa. Zilibaki kurasa kumi na mbili. Kwenye ukurasa wa mwisho kulikuwa na nafasi iliyoachwa tupu makusudi, na kila mtu mjini alijua ni ya nini. Hapo ndipo Sahlan angeandika jina lake, ili miaka mia tano baadaye mtu akiuliza nani aliyekitia irabu kitabu hiki, ajibiwe.

Kukaa sokoni tu hakukuwa hatia. Watia irabu wa zamani walikaa viwanjani kusikiliza jinsi watu wa Tiberia wanavyotamka, maana hakuna mji mwingine duniani, kwa maoni ya Tiberia, ambako watu wanajua kufungua mdomo. Lakini wale wazee walisikiliza wakitazama chini. Baba yake Husna alikuwa mmoja wao. Miaka thelathini alikaa sokoni, na asingeweza kukwambia samaki wanauzwa na mwanamke au na mwanamume.

Husna hakukaa. Alifagia ua uliokuwa umefagiwa, akamwaga maji safi, akachota mengine. Adhuhuri ilipokaribia alijitanda shungi mpaka puani, akashuka sokoni kwa njia ya nyuma, akasimama kwenye kibanda cha muuza miwa.

Alimwona. Sahlan alikuwa ameketi kwenye ngazi ya tatu, kanzu yake imenyooka, ndevu zake za mvi zimechanwa vizuri. Na kweli alikuwa akitazama midomo. Alimtazama Sitti, akamtazama muuza dagaa, akarudi kwa Sitti, na midomo yake mwenyewe ilikuwa ikichezacheza kidogo, kama ya mtu anayeonja mchuzi wa jirani. Msichana mmoja msuka mikeka alimbinulia mdomo kwa dhihaka. Sahlan akaukunja wake vilevile. Wanawake wakapasuka kicheko, naye hakushtuka wala hakuona haya.

Husna alirudi nyumbani. Miaka thelathini na moja ya ndoa, amemzalia mtoto, mtoto ameoa na yuko Misri, na leo ndiyo anakuja kujua ameolewa na mzee wa kukodolea macho wanawake.

Sahlan aliporudi, Husna alimwekea mkate, zeituni na dengu, akasimama kando ya jiko.

"Umetoka wapi?"

Sahlan alimega mkate. Alikuwa akitazama sahani.

"Nakuuliza, Baba Yefeti. Sokoni kuna nini siku hizi?"

"Chumvi imetosha," alisema Sahlan kwa upole, akiwa bado anatazama sahani. Akala, akashukuru, akanawa, akapanda orofani kwenye kitabu chake.

Husna aliiangalia ngazi aliyopandia mumewe kama anayeidai maelezo. Dharau nyingine mtu huijibu kwa maneno, lakini hii ya kujibiwa chumvi ilimkaa kooni.

Alasiri ileile ukaja wito. Mevasser, mkuu wa wazee wa sinagogi, alimtaka Sahlan kesho baada ya sala ya asubuhi, mbele ya watu, ajibu malalamiko ya wanawake wa soko la mikeka. Aliyeuleta wito ni Amram, na Amram hakuwa mgeni nyumbani hapo. Ndiye aliyemsomea Sahlan kila siku, neno kwa neno, huku Sahlan akiweka irabu.

"Shemeji, usilie," Amram alimwambia Husna uani. "Watampa adhabu ndogo. Nimewasikia. Atafunga Jumatatu na Alhamisi kwa mwezi mmoja, asikanyage sokoni siku thelathini, na awaombe radhi wale akina mama. Basi. Kitabu watamwachia amalize."

"Na mimi watanipa nini?"

Amram alijikuna juu ya mdomo, pale palipokuwa na masharubu zamani. Alipanda kumwonyesha Sahlan ile karatasi ya wito, akashuka, akaenda zake.

Husna alingoja vishindo, akangoja Sahlan ashuke amwambie ni uongo, au amwambie ni kweli. Hakushuka mtu.

Sasa, nyumba ile ilikuwa na siri yake ndogo. Sahlan alipokuwa akinuna, na alijua kununa, Husna hakumbembeleza. Alikuwa akipita karibu yake akisema maneno ya Maandiko kwa irabu mbovu. Badala ya neno jema angesema tauni njema, kwa sauti ya mtu anayesali. Sahlan hakuweza kuvumilia. Angejikaza, angeng'ata meno, mwisho angegeuka, "Si dever, mwanamke, ni davar, kusanya mdomo!" na ugomvi ungekuwa umekwisha hapo. Mtu huyu alikuwa amemsahihisha bwana harusi katikati ya nadhiri. Alimsahihisha baba mkwe wake akiwa kitandani anakata roho, na mzee alikufa anatabasamu. Kwake irabu mbovu ilikuwa mwiba unyayoni.

Basi Husna alipanda ngazi. Sahlan alikuwa amempa mgongo, ameinamia ukurasa wa ngozi, kalamu inatembea.

"Tauni njema," alisema Husna.

Kalamu haikusimama.

"Tauni njema," alirudia kwa sauti kubwa. Akaharibu na jingine, akaharibu na la tatu, baya kabisa, ambalo hata muuza miwa angelisahihisha. Hasira zilimpanda. Pembeni palikuwa na kinu cha shaba cha kusagia vitu vya wino. Alikiinua, akakibwaga sakafuni.

Mlio ulitikisa nyumba. Jirani wa ukutani aliuliza kuna nini. Wino ulitikisika katika kidau, na Sahlan akautazama wino. Aliutazama unavyotikisika, akaweka kidole juu ya kidau ili utulie, kisha akatupa jicho dirishani kama anayejiuliza kama ardhi imetetemeka. Nyuma hakutazama.

Husna alijibana ukutani, mkono kifuani. Mambo yakaanza kumjia moja moja, na kila moja lilimchoma. Ile homa iliyomlaza Sahlan mwaka juzi. Amram kuhamishwa kiti, akalishwe dirishani uso kwenye mwanga, eti kwa ajili ya macho. Amram kunyolewa masharubu, eti makombo yanaangukia ngozi. Majibu ya chumvi. Na irabu zenyewe, yeye binti wa mtia irabu angewezaje kusahau? Patah maana yake ni kufungua, na ukiitamka mdomo unafunguka. Kamatz ni kukusanya, na midomo inakusanyika kama ya mtu anayepuliza uji. Wazee waliozipa irabu majina walizipa majina ya midomo. Mtu asiyesikia chochote, akikaa mbele ya msomaji aliyenyolewa vizuri, anaweza kuziona zote.

Alishuka akinyata, kana kwamba kulikuwa na haja.

Tangu hapo mpaka giza hakukalia kitu. Alikwenda mpaka ufukoni mwa ziwa akarudi, akaenda tena. Sasa alielewa hesabu ya mumewe. Mzee mkware hufungishwa saumu mwezi mmoja, kisha hurudi mezani, humaliza kurasa kumi na mbili na kuandika jina lake. Mtia irabu kiziwi hanyang'anywi kurasa kumi na mbili tu, ananyang'anywa miaka tisa yote, kwa kuwa nani atakinunua kitabu ambacho sehemu yake imetiwa irabu na mtu asiyesikia? Sahlan alikuwa amechagua aibu. Ila aibu yenyewe aliichagua kwa ajili ya wawili, na yeye Husna hakuulizwa. Na kama vidoti vile vilikuwa vibaya kweli? Watu wa Tiro wangesoma tauni mahali pa neno, wao na watoto wao, wakisema amina. Mficha maradhi kifo humuumbua, alijisemea, lakini hapa atakayekufa ni nani? Alimhurumia mumewe, na alitamani kumpiga.

Asubuhi ua wa sinagogi ulijaa kuliko siku ya sikukuu. Wanawake walisimama upande wa kisima, Sitti mbele yao, na sasa hakuwa akicheka. Jambo lilikuwa kubwa kuliko alivyolitaka. Wazee walikaa kwenye benchi. Mevasser alikuwa katikati, na mkosi ulioje, nyigu alikuwa amemuuma mdomoni alfajiri. Mdomo wa juu ulikuwa umemvimba ukaufunika wa chini, na kila alilosema lilitoka kwa mviringo mmoja.

"Sahlan," alisema Mevasser, "akina mama hawa wanasema unawatazama midomo. Je, ni kweli?"

Sahlan alimkazia macho. Husna aliona paji la uso wa mumewe linaloa jasho. Alimwona anavyouhangaikia ule mdomo uliovimba, anautafuta unasema nini, na hauoni ukisema lolote isipokuwa kamatz, kamatz, kamatz.

"Kumi na mbili," Sahlan alijibu hatimaye. "Zimebaki kumi na mbili."

Kicheko kililipuka. "Kumi na mbili!" mtu mmoja alisema nyuma. "Amekwisha kuwahesabu, na bado wamebaki!"

Mevasser hakucheka. Uso wake wote ulikuwa mwekundu sasa. "Unatufanyia mzaha mbele ya nyumba ya sala? Nilikuwa nataka kukupa mwezi. Rudia jibu lako, ama na kalamu naichukua."

Sahlan alitazama huku na huku, akisaka mdomo ulio wazi, mdomo wowote. Hapo Husna akasogea. Alitoka upande wa wanawake akasimama peupe, jua likimpiga usoni, akateremsha shungi mpaka kidevuni. Macho ya Sahlan yakamfikia. Husna alifungua mdomo wake na, bila kutoa hata pumzi, akauumba taratibu kwa irabu zote zilizonyooka, kama alivyofundishwa na baba yake:

"Niseme?"

Ua mzima haukusikia kitu, kwa sababu hakikusemwa kitu. Sahlan peke yake alikielewa. Husna aliona anavyoelewa, na anavyoelewa kwamba mkewe anajua. Rangi ilimtoka usoni. Akatikisa kichwa.

"Usiseme," alisema kwa sauti. "Nakuomba, Husna. Usiseme."

Watu walitazamana.

"Asiseme nini?" Mevasser aliuliza. "Nani aliyezungumza?"

"Hakuna," alisema Sitti polepole. "Mimi niko karibu naye. Mama Yefeti hajatoa sauti."

Husna alikuwa ametaka kumpa mumewe nafasi ya kuchagua, na mumewe, kwa kuchagua, alikuwa amejifichua mwenyewe.

Wa kwanza kuelewa alikuwa Amram. Mkono wake ulipanda wenyewe mpaka juu ya mdomo. "Masharubu yangu," alisema. "Aliniambia ni makombo." Aliondoka alipokuwa, akapita nyuma ya Sahlan, hatua mbili kutoka mgongoni kwake, akapaza sauti: "Sahlan! Nyigu shingoni!"

Ua mzima uliruka. Wanaume walijipiga shingo, wanawake walijifunika shungi, Mevasser mwenyewe aliukinga mdomo wake kwa mikono miwili. Sahlan alisimama palepale, amemtazama mkewe.

Hakuna aliyecheka. Mevasser alishusha mikono yake. Wanawake wa soko la mikeka walitazama chini mmoja baada ya mwingine, na Sitti alilia wazi, bila kujifuta.

Kitabu kilichukuliwa siku hiyohiyo. Amram na wasomaji wengine wawili wenye masikio mazima walikipitia chote, kidoti kwa kidoti, kwa wiki saba, na Tiberia ilikaa mguu mmoja ndani mmoja nje ikingoja. Walipata makosa manne. Yote manne yalikuwa ya miaka ya mwanzo, wakati Sahlan alikuwa akisikia vizuri na kujiamini, akitia irabu huku anapiga soga. Katika miaka miwili ya uziwi hawakupata hata moja.

Mevasser, mdomo wake umeshapona, alitoa hukumu kwa haki aliyokuwa nayo. Kitabu kiende Tiro. Kurasa kumi na mbili amalizie mwingine, kwa kuwa desturi ni desturi, irabu hutiwa kwa sikio. Na mwisho yaandikwe majina mawili. Wengi walisema ni hukumu nzuri. Sahlan aliisoma kwenye karatasi, akaikunja, akaiweka mfukoni, akarudi nyumbani.

Akanuna. Kiziwi akinuna hana haja ya kufunga mdomo; anachofanya ni kutokukutazama, na hapo umekwisha. Siku sita Sahlan alikula anatazama sahani, akalala anatazama ukuta, akapita uani anatazama miguu yake. Husna aliongea, akasihi, akatukana, yote hewani. Zile irabu zake mbovu zilizowapatanisha miaka na miaka hazikuwa na pa kuingilia tena.

Siku ya saba alikuwa akikanda unga. Sahlan alikaa kwenye kiti kifupi, amempa mgongo, akimenya vitunguu. Husna aliacha unga, akamzunguka, akapiga magoti mbele yake na viganja vyake vyeupe kwa unga, akamshika mashavu na kuuinua uso wake. Sahlan alijaribu kuugeuza. Husna hakumwachia.

"Soko zima," alimwambia, akitamka kila irabu mpaka mwisho. "Midomo ya soko zima umeitazama. Sitti umemtazama. Muuza dagaa asiye na meno umemtazama. Miaka miwili. Mimi mkeo hukunitazama hata siku moja. Kwa nini?"

Sahlan alijibu kwa sauti kubwa kupita kiasi, kama ilivyokuwa siku hizi.

"Wale nilikuwa siwasikii," alisema. "Wewe ulikuwa ukipita nyuma yangu na vyombo vyako, nikajua tu unaongea, kwa sababu huwezi kupita kimya. Na sauti yako nilikuwa naisikia. Sijui ulikuwa unasema nini, lakini naisikia, ileile ya siku ya harusi. Ningekutazama mdomo mara moja tu, Husna, ningejua kwamba siisikii."

Husna alimwachia uso. Unga ulikuwa umebaki kwenye ndevu zake pande mbili. Aliinuka, akarudi nyuma ya mgongo wake penye sinia, akaanza tena kukanda, na huku anakanda akamsimulia habari zote za mtaani, za Sitti, za mdomo wa Mevasser, za bei ya miwa, na hakunyamaza mpaka mkate ulipoiva.